Kichwa na Fuvu: Usimulizi katika Makumbusho ya Kalenga na Songea Mbele ya Msafiri

Utangulizi

Kijiji cha Kalenga kipo kilometa zipatazo 15 kutoka mjini Iringa, kando ya njia inayoelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kwa sababu hiyo, Makumbusho ya Mkwawa yaliyopo hapo hupata wageni wa aina mbili. Wapo wanafunzi na wananchi waliokusudia kufika, na wapo watalii wanaokwenda kutazama tembo, ambao husimama kwa muda mfupi kwa kuwa pako njiani. Wote huingizwa katika jengo lilelile dogo, huoneshwa mikuki, ngao na bunduki, kisha husimamishwa mbele ya sanduku la kioo lenye fuvu la binadamu. Hapo ndipo simulizi inapokolea.

Msafiri akiendelea kusini kwa basi, kupitia Makambako na Njombe, hufika Songea baada ya safari ya takribani siku nzima. Katika Makumbusho ya Majimaji yaliyopo mjini humo hakuna fuvu. Kuna kaburi la pamoja, kuna sanamu za viongozi wa vita, na kuna masimulizi ya kichwa kimoja kinachoaminika kuwa kilipelekwa Ujerumani na ambacho bado kinatafutwa.

Makala hii inahakiki makumbusho haya mawili kama matini za kusimuliwa. Inadai kwamba simulizi ya Kalenga, kwa jinsi inavyomfikia msafiri, imefungwa mapema mno, na kwamba gharama ya kufungwa huko inalipwa na watu ambao hawatajwi kabisa katika simulizi hiyo. Inadai pia kwamba fasihi ya Kiswahili iliyoandikwa kuhusu vita vya kusini ilikwisha kuonesha namna ya kusimulia shaka bila kumvunjia shujaa heshima.

Makumbusho kama utendaji

Neno lenyewe linastahili kutazamwa kwanza. Kitenzi "kumbuka" kinamhusu mtu mmoja na moyo wake. "Kumbusha" kinahitaji wawili. Nomino "makumbusho" imetokana na hicho cha pili. Kwa hiyo Kiswahili, tofauti na lugha nyingi za Ulaya ambazo neno lake lilitokana na hekalu la Wagiriki, kimeliita jengo hili kwa kazi inayofanywa na mtu kwa mtu mwenziwe. Palipo na makumbusho pana anayekumbusha na anayekumbushwa, na swali la mhakiki ni nani anamkumbusha nani, na kuhusu nini.

M. M. Mulokozi, katika kueleza muktadha wa fasihi simulizi, anataja fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio, mahali na wakati. Vipengele hivyo vyote hupatikana Kalenga. Mwongoza wageni ni fanani. Kundi lililosimama mbele yake ni hadhira. Mikuki na ngao ni maleba yanayosaidia utendaji, na mahali pana uzito wake kwa kuwa ndipo ilipokuwa ngome ya Wahehe iliyoangushwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894. Maandishi yaliyopo ukutani ni machache, na mgeni aliyeachwa peke yake na maandishi hayo angetoka na mambo machache. Anayempa mgeni kisa ni mtu anayezungumza.

Jambo hili halipaswi kuchukuliwa kama upungufu wa makumbusho ya vijijini yasiyo na fedha za vibao. Mjini Iringa, katika jengo la enzi ya Wajerumani liitwalo Iringa Boma, yamefunguliwa makumbusho ya utamaduni wa mkoa, yenye maelezo nadhifu kwa Kiswahili na Kiingereza, duka la kazi za mikono na mahali pa kunywea kahawa. Ni makumbusho mazuri na msafiri huyafurahia. Lakini kibao hakiulizwi swali, wala hakibadilishi sauti kinapofika kwenye kifo cha mtu. Kalenga, pamoja na udogo wake, ina kitu ambacho Boma haina.

Kisa cha Kalenga

Kisa chenyewe kinajulikana kwa muhtasari. Mkwawa, ambaye jina lake ni ufupisho wa Mkwavinyika, mtwaa nchi, aliwashinda Wajerumani huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, vita ambavyo kamanda wao Emil von Zelewski, aliyeitwa na wenyeji "Nyundo", aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake. Baada ya Kalenga kuanguka, Mkwawa alipigana vita vya msituni kwa karibu miaka minne. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa amezingirwa huko Mlambalasi, alijipiga risasi. Kichwa chake kikakatwa na kuchukuliwa na askari wa Kijerumani, na kiwiliwili kikazikwa Mlambalasi. Mwaka 1919 Mkataba wa Versailles, katika kifungu chake cha 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza. Halikukabidhiwa. Tarehe 19 Juni 1954 Gavana Edward Twining alimkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa shujaa, fuvu lililotoka katika makumbusho ya mjini Bremen, na ndilo lililomo katika sanduku la kioo.

Kama kisa, huu ni usimulizi ulioundwa vizuri sana. Una ushindi, anguko, kifo cha hiari, dhuluma juu ya maiti, miaka 56 ya kungoja, na urejeo. Una hata kinaya, kwa kuwa mtawala mmoja wa kigeni alirudisha nyara ya mtawala mwingine wa kigeni huku nchi yenyewe akiendelea kuishikilia. Siku 18 baada ya sherehe ile, tarehe 7 Julai 1954, chama cha TANU kiliundwa Dar es Salaam. Twining alikuwa fanani mwenye hadhira yake, na hadhira hiyo ilikuwa na mambo mengine ya kufanya.

Lugha ya kisa hiki ina nukta moja ambayo msikilizaji wa Kiswahili huisikia bila kuambiwa. Kilichokatwa Mlambalasi mwaka 1898 huitwa "kichwa". Kilichorudi mwaka 1954 huitwa "fuvu". Kichwa ni cha mtu. Kina uso, kina jina, na kwa Kiswahili mtu anaweza kuwa kichwa cha nyumba au cha ukoo. Fuvu ni mfupa, na mfupa huhesabiwa, hupimwa, huwekwa rafuni na kupewa namba. Badiliko hilo la neno halikutokea Uhehe. Lilitokea safarini na katika vyumba vya Ulaya ambamo vichwa vya Waafrika viligeuzwa kuwa mkusanyo. Simulizi ya Kalenga inavuka kutoka neno moja kwenda jingine kana kwamba katikati hapakuwa na kitu, na hicho cha katikati ndicho kinachohitaji kuhakikiwa.

Wale 83

Twining alipofika Bremen mwaka 1953, hakuoneshwa fuvu moja lenye jina la Mkwawa. Makumbusho yale yalikuwa na mafuvu yapatayo 2000. Kati ya hayo, 84 yalitoka katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Uteuzi ulifanywa kwa vipimo: mafuvu ambayo umbo lake lilikaribiana na vipimo vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa waliokuwa hai yalitengwa, na miongoni mwa hayo likachaguliwa lile lililokuwa na tundu la risasi. Wanahistoria kadhaa wameandika kwamba njia hiyo haiwezi kuthibitisha fuvu ni la nani. Tundu la risasi si alama ya pekee kwa mtu aliyeishi katika nchi na miaka ile.

Kwa kawaida msafiri hatoki Kalenga na habari hizi. Akizikuta baadaye kitabuni, huweza kudhani kwamba amedanganywa, na hapo hupotea heshima ambayo fanani aliijenga kwa jasho. Hata hivyo, kosa hilo halipaswi kubebeshwa mwongoza wageni. Fanani hutenda fani aliyorithi, na fani hii ilipewa mwisho wake na gavana wa Kiingereza siku ya sherehe. Kwa miongo saba Kalenga imekuwa ikisimulia kisa ambacho sura yake ya mwisho iliandikwa na mkoloni.

Wanaotetea ukimya husema kwamba shaka itawaumiza Wahehe na kumpunguza Mkwawa. Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa na mtu asiyeishi na kaburi hilo. Fuvu lile limeombolezwa kwa dhati, na maombolezo ya kweli hayageuki kuwa ya uongo kwa sababu kipimo cha mwaka 1953 kilikuwa dhaifu. Lakini kuna upande wa pili ambao hausemwi. Ikiwa fuvu lililomo katika kioo si la Mkwawa, basi ni la mtu mwingine. Mtu huyo alikuwa na mama, alikuwa na jina katika lugha fulani ya nchi hii, na huenda jamaa zake wamepita mbele ya kioo kile wakimwomboleza mwingine. Na ikiwa ni la Mkwawa kweli, bado kuna 83. Gavana aliyafikia mafuvu 84 ya watu wa nchi aliyoitawala, akachukua moja, akayaacha mengine. Katika kisa cha urejeo hakuna anayeuliza habari za hayo yaliyobaki, kwa sababu kisa kina shujaa mmoja na nafasi moja.

Hapa ndipo usimulizi wa kishujaa unapoonesha mpaka wake. Shujaa huvuta mwanga wote, na waliosimama naye hubaki gizani, wakati mwingine kwa maana halisi ya neno hilo, ndani ya makabati.

Shaka katika fasihi

Fasihi andishi ya Kiswahili haikungoja makumbusho ili kushughulikia suala hili. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alichapisha tamthiliya ya Kinjeketile, inayohusu mwanzo wa Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Mhusika mkuu anatoa maji na neno la kuwaunganisha watu, kisha anaanza kulitilia shaka neno alilolitoa mwenyewe. Hussein haifichi shaka hiyo. Anaifanya kuwa kiini cha mchezo. Mwishoni, akiwa mikononi mwa adui, Kinjeketile anatakiwa kukiri kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa kuwa anajua kukiri huko kutageuzwa kuwa somo kwa watoto wa kesho kwamba kupigana kulikuwa kosa. Mtazamaji anatoka akijua kwamba maji hayakuzuia risasi, na anamheshimu Kinjeketile zaidi kuliko alivyoingia.

Tamthiliya hiyo ina jambo la kuifundisha Kalenga. Hadhira ya Kiswahili inaweza kubeba mambo mawili kwa pamoja, ukweli wenye doa na heshima isiyo na doa. Mulokozi naye, aliyemweka Mkwawa jukwaani katika Mukwava wa Uhehe, aliandika kwa hadhira hiyohiyo. Na kabla yao wote, Abdul Karim bin Jamaliddini alikuwa ametunga utenzi kuhusu Vita vya Majimaji. Palipo na tenzi na tamthiliya juu ya jambo moja, palikwisha kuwa na sauti zaidi ya moja. Makumbusho yanayotumia sauti moja yanarudi nyuma ya fasihi ya nchi yake.

Mtwa, chifu, sultani

Ni vyema kugusia pia suala la hadhira, kwa sababu msafiri si mmoja. Wahehe walimwita kiongozi wao "mtwa". Kiswahili cha shuleni humwita "chifu". Mkataba wa Versailles ulimwita sultani, cheo ambacho Wajerumani walikigawa ovyo kwa viongozi wa bara. Fanani anapozungumza kwa Kiingereza na watalii wa Ruaha hulazimika kutumia neno la Waingereza kwa kiongozi wa kabila, na neno hilo humshusha Mkwawa hadi kuwa mkubwa wa kijiji katika masikio ya mgeni. Anapozungumza na wanafunzi wa Iringa anaweza kusema "mtwa" na asihitaji kufafanua. Kwa hiyo simulizi ileile huwa pana au finyu kutegemea aliyesimama mbele yake. Mtalii, ambaye kiingilio chake ni kikubwa zaidi, hupata simulizi iliyo ndogo zaidi.

Songea: kaburi lenye majina

Msafiri anayenunua tiketi ya Songea hulitaja jina la mtu aliyenyongwa, ajue asijue. Songea Mbano alikuwa nduna wa Wangoni. Mwaka 1906, baada ya Wajerumani kuwashinda Wangoni, viongozi wengi walikamatwa na kunyongwa. Tarehe 27 Februari mwaka huo walinyongwa makumi ya watu kwa mpigo, akiwemo Nkosi Mputa Gama, wakazikwa katika kaburi moja. Miongoni mwa walionyongwa yumo mwanamke, Nkomanile. Baadhi yao walibatizwa na mmisionari wa Kibenediktini muda mfupi kabla ya kitanzi. Songea mwenyewe alinyongwa siku chache baadaye na kuzikwa peke yake, na wazawa wake wanaamini kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani.

Kwa mhakiki, tofauti kati ya makumbusho haya na yale ya Kalenga ni ya muundo kabla ya kuwa ya maudhui. Kalenga ina mhusika mmoja na kifaa kimoja. Songea ina orodha. Majina ya walionyongwa huzungumzwa na kukumbukwa kila Februari katika maadhimisho ya mashujaa, na kumbukizi la majina ni fani yenye mizizi mirefu katika tenzi na katika matambiko. Orodha humzuia msimulizi asimpe mtu mmoja kisa kizima. Msikilizaji akisikia "Nkomanile" huuliza alikuwa nani, na fanani inambidi aache njia kuu na kuingia kichochoroni. Kundi la wanafunzi linaweza kupotea katika vichochoro hivyo, na huo ni usomaji mwema wa makumbusho.

Songea nayo ina mipaka yake. Ni makumbusho ya Wangoni wa Njelu zaidi ya kuwa makumbusho ya vita vyote. Matumbi na Ngarambe, palipoanzia moto, vipo mbali na vinatajwa kama utangulizi. Chabruma, mtawala wa Wangoni wa Mshope, aliyeendelea kupigana na kufia Msumbiji, hakuzikwa katika kaburi la pamoja, na mtu asiye na kaburi uwanjani huwa mgumu kumsimulia uwanjani. Aidha, waliokufa kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa, ambao ndio wengi kati ya makadirio ya vifo yanayoanzia 75,000 na kufikia 300,000, hawana sanamu. Ni vigumu kumchongea sanamu mtu aliyekufa kwa njaa, lakini si vigumu kumtaja.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika katika makumbusho haya, akakutana na wazawa wa Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani, na akaahidi ushirikiano katika kutafuta mabaki. Miezi miwili kabla ya hapo, watafiti wa Berlin walikuwa wametangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyaunganisha baadhi ya mafuvu yaliyotoka Tanzania na jamaa walio hai. Njia hiyo iko mbali sana na rula za Bremen za mwaka 1953. Kama Kalenga inaihitaji, uamuzi ni wa ukoo wa Mkwawa na hautakiwi kutolewa na mtu mwingine, awe mwanahistoria au mhakiki. Kinachoweza kudaiwa na uhakiki ni kwamba simulizi iache mlango wa kuuliza, na kwamba wale 83 wapewe angalau sentensi moja mbele ya kioo.

Ziara ile ya 2023 imeongeza tukio jipya katika simulizi ya Songea, na fanani sasa ana kazi ya kuamua aliweke wapi. Sarufi imekwisha kuamua sehemu. Kalenga husimuliwa kwa "-li-": kichwa kilikatwa, fuvu lilirudi. Kuhusu kichwa cha nduna, anayesema Kiswahili hasemi "hakikurudi". Husema "hakijarudi".